Ndoo ya Bi Harusi

1

Bi Mbonea alipiga kiberiti mara ya pili, na jiko likamzomea tu. Gesi ilikuwa inakuja, aliisikia ikipita kwenye mpira, ila haikutaka kushika. Alipoinamia kichomeo na kunusa, alikutana na harufu ya uji uliosahauliwa sufuriani. Akainuka upesi, akachungulia uani kuona kama kuna mtu aliyemwona akinusa.

Hapakuwa na mtu. Kwa mwingine yeyote pale Kwemvumo, jiko kugoma lingekuwa jambo la kulalamika kwa jirani na kuchekwa kidogo. Kwa Mbonea lilikuwa jambo la kufunga mlango kwanza. Yeye ndiye aliyekuwa Mama Chachu. Mioto yote ya kijiji kile, na ya vijiji vya ng'ambo ya bonde, ilikuwa imezaliwa uani kwake.

Alizunguka nyuma ya nyumba, akapiga magoti penye kifuniko cha tumbo. Tumbo ndilo jina walilolipa lile tangi la kuba lililozikwa ardhini katika kila nyumba, linalokula maganda ya ndizi, maharage yaliyolala, mavi ya ng'ombe na, tusifichane, mavi ya wenye nyumba wenyewe, kisha likatoa gesi ya kupikia. Kwenye baridi ya Usambara mavi ya kawaida hulala usingizi, hayatoi gesi ya maana. Kwa hiyo msitu ulipofungwa kabisa, na ndege-macho, vile vidude vya kuruka vyenye kamera, wakaanza kuzunguka juu ya mapaa wakitafuta moshi wa kuni, watu walikula viazi visivyoiva, vya kuvunja meno, mpaka Kituo cha Chachu kule bondeni kilipotengeneza vijidudu wasioogopa baridi. Kituo kilimpa Mbonea ndoo moja ya chachu hiyo ailee. Aliilea kama mtoto njiti. Aliifunika mablanketi, akaizungumzisha, akajinyima usingizi kwa ajili yake, na kutoka kwenye ndoo ile moja akawagawia wengine wote.

Sasa alifunua kifuniko, na ile harufu ikampanda usoni. Povu la kijivu lilikuwa limetanda juu. Alikirudisha kifuniko akakikalia, kama mtu anayezuia nyoka asitoke kwenye kapu.

Alijua ni nini. Ndani ya tumbo wanaishi wadudu wa aina mbili, nao wanategemeana. Wavunjaji hula maganda na kuyageuza kuwa asidi. Wapulizaji huila ile asidi na kutoa gesi inayowaka. Wapulizaji wakifa, wavunjaji hawajui kuacha. Wanaendelea kula, asidi inajaa, na tumbo linachacha kama tumbo la mlafi. Kituo kilikwisha kuwaonya walezi wote kwamba kuna kirusi kinachowaua wapulizaji peke yao. Hakimdhuru mtu wala ng'ombe. Kinasafiri ndani ya ndoo, na tone moja linatosha kuzima nyumba nzima.

Kila mlezi alipewa kitambaa cheusi kwa ajili ya siku kama hiyo. Tumbo likichacha, unakitundika langoni, na hakuna chachu inayotoka hapo mpaka Kituo kije. Cha Mbonea kilikuwa chini kabisa ya sanduku, bado kina mikunjo ya dukani. Alikuwa akijisifia mikunjo ile mbele ya wageni. "Walezi wenzangu vyao vimepauka kwa jua," alipenda kusema, "changu hakijawahi kuona hata upepo."

Asubuhi ile kitambaa hakikutoka sandukuni. Kilichotoka jikoni ni kopo la magadi.

Aliyamimina tumboni yote, akakoroga kwa mti mrefu. Magadi huituliza asidi na kuimeza ile hewa mbovu isiyowaka kwa muda, hivyo gesi kidogo iliyobaki inaweza kushika moto. Chini ya kifuniko kulikuwa na pua, kidude kidogo kilichonusa uchachu na kupeleka habari Kituoni. Taa yake ilikuwa imeanza kugeuka njano. Ilikunywa harufu ya magadi, ikafikiri, ikarudi kijani.

Mbonea alikaa chini akihema. Alijiambia kwamba anafanya hivi kwa ajili ya msitu. Watu wakisikia chachu mama inaumwa watakata tamaa, watarudi kwenye shoka, na miti iliyolindwa kwa jasho itakwenda jikoni. Ilikuwa hoja nzuri kabisa. Ubaya wake ni kwamba aliipata baada ya kumwaga magadi, siyo kabla.

Ndipo aliposikia vigelegele vinapanda kilima.

2

Alikuwa amesahau. Kweli, mtu anaweza kusahau harusi ya binti wa rafiki yake kama amepata kitu cha kuficha.

Zamani bi harusi wa milimani alikwenda kwa mumewe na kaa la moto kutoka kwa mama yake. Kuni zilipokwisha, desturi haikufa, ilihamia kwenye ndoo. Bi harusi huchota chachu, huibeba kichwani hadi ng'ambo, na mama mkwe humimina ile ndoo kwenye tumbo lake mwenyewe mbele ya watu. Mioto miwili inakuwa mmoja. Na tangu Mbonea awe Mama Chachu, mabinti wenye kujiheshimu walichota shinani, kwake.

Mwantumu ndiye aliyeongoza msafara. Alikuwa shoga yake tangu wakiwa wasichana, mwanamke mnene mcheshi aliyeweza kucheka hata kwenye mazishi na asichukiwe. Nyuma yake alikuja binti yake Zawena, amefunikwa kanga mbili, anatazama chini. Kisha Bi Ruzuna, mama mkwe kutoka Mlesa, ng'ambo ya bonde, amenyooka kama mwiko.

"Hodi kwa Mama Chachu!" Mwantumu aliita. "Tumekuja kuomba moto!"

Jibu lake la desturi ni moja tu, moto haunyimwi, na kila mtoto wa kule analijua. Mbonea alisimama langoni na mikono yenye vumbi la magadi ameificha ndani ya kanga. *Dada, leo hapana. Tumbo langu linaumwa.* Maneno ya kukataa yalikuwa machache, na yalikuwa tayari mdomoni. Angeyasema, harusi ingesogezwa mbele, au Mwantumu angechota kwake mwenyewe, maana tumbo la Mwantumu lilikuwa zima. Basi. Hakuna ambaye angekufa.

"Sisi kwetu Mlesa tulisema wazi," Bi Ruzuna alidakia, akitazama ua ule kwa heshima. "Mkwe bila chachu ya Bi Mbonea hatupokei. Huyu mwanamke tumbo lake halijawahi kuugua, nasikia hata kitambaa hajawahi kukikunjua."

"Hajawahi!" Mwantumu alijibu kwa majivuno, kana kwamba sifa ile ni yake.

"Moto haunyimwi," Mbonea akasema. "Karibuni."

Alichota. Desturi inataka mlezi ajaze kopo, alifunike, atoboe kifuniko na kuwasha pale tundu linapopumua, ili wote waone chachu ina uhai. Kiberiti kilishika, na mwali wa buluu ukasimama juu ya kopo, mwembamba, ukayumba, ukabaki. Vigelegele vikapasuka. Mbonea naye alipiga, kwa sauti kubwa kuliko wote.

Kisha akainyanyua ndoo. Anayetoa moto ndiye anayemtwisha anayeuchukua. Ndivyo ilivyo, na anayepewa ndoo bila kutwishwa hujua amepewa kwa shingo upande.

"Inama, mwanangu," alimwambia Zawena.

Zawena aliinama. Ndoo ilipita karibu na uso wake kabla haijafika kichwani, na Mbonea aliziona pua za yule binti zikicheza. Macho yake yalipanda mara moja, yakakutana na ya Mbonea. Halafu yakashuka. Siku ile bi harusi hasemi.

Wakaondoka wakiimba. Mbonea alibaki amesimama uani, viganja vinamwasha kwa magadi.

3

Habari za Mlesa zilivuka bonde zikiwa zimekwisha kutiwa chumvi, lakini mifupa yake ilikuwa hii.

Bi Ruzuna aliimimina ndoo kwenye tumbo lake mbele ya ukoo mzima. Siku chache baadaye jiko lake lilianza kukohoa. Alilaumu maganda, akalaumu mvua, akamlaumu ng'ombe. Kisha uji wa tumbo ukachacha na moto ukagoma kabisa, na wanawake wa Mlesa wakaanza kutazama upande mmoja tu.

"Tulikuwa tunapika vizuri," walisema kisimani. "Kimeongezeka nini humu ndani?"

Kilichoongezeka ni Zawena. Alipoingia jikoni walinyamaza. Alipogusa sufuria mtu aliichukua mkononi mwake. Wakampa jina, Mkono Baridi, kwanza kwa utani, kisha bila utani. Mumewe Hoza alikuwa kijana mpole, mpole wa aina ile isiyomsaidia mtu. Alimwambia mkewe avumilie, akaenda kukaa kwa rafiki zake.

Siku wageni walipokuja, Bi Ruzuna alishindwa kuvumilia. Alivunja miguu ya kigoda cha zamani, akawasha moto wa kuni nyuma ya zizi, akiamini moshi kidogo hauonekani. Maji hayajaanza hata kupata joto, ndege-macho akatua juu ya paa. Ndege wale walikuwa wamefundishwa adabu, na ndiyo iliyoudhi.

"Mpendwa mwananchi," ndege alisema kwa sauti iliyosikika hadi barabarani, "moshi wako umeonekana. Tafadhali zima moto. Maji ya nyumba hii yamefungwa hadi kesho. Tunakushukuru kwa kuupenda msitu."

Wageni walisikia, na majirani wakatoka kuangalia. Bi Ruzuna, mwanamke ambaye hajawahi kuonekana na kanga iliyolowa, alimwaga sufuria juu ya moto wake mwenyewe mbele ya macho ya watu. Alipogeuka, mtu wa karibu wa kumrushia aibu ile alikuwa Zawena.

"Chukua mkeka wako," alimwambia. "Ulikuja na mkosi kwenye ndoo. Rudi nao."

Bi Mbonea alisimuliwa yote haya na muuza maziwa, amesimama langoni kwake, mikono yake myeupe kwa unga.

Unga ule nao tuuseme. Tumbo la Mbonea lilikuwa limekufa kimya kimya, magadi hayakusaidia tena kitu zaidi ya kuidanganya pua. Alikula ndizi mbivu na maziwa baridi. Lakini kila alipotoka nje alichovya mikono kwenye unga kwanza, ili mtu akimwona aseme, huyo katoka kupika. Alikuwa mwanamke mtu mzima, mwenye heshima zake, na kila asubuhi alisimama mbele ya jiko la baridi akijipaka unga kama mtoto anayecheza mama na baba. Alijiona, na alichoka kujiona.

"Masikini yule binti," muuza maziwa alisema. "Wanasema ni jini. Wewe Mama Chachu unasemaje?"

"Mimi nina sufuria motoni," Mbonea akajibu, akaingia ndani.

Aliketi kwenye kitanda chake na kulia. Hakulia kwa ajili ya Zawena, na hilo alilijua pia, likamwongezea kilio.

4

Kikao kilifanyika uani kwa Mwantumu baada ya sala ya alasiri. Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Shekiondo, aliketi kwenye benchi. Watu wa Mlesa walikaa kwenye mikeka upande mmoja, watu wa Kwemvumo upande wa pili. Bi Ruzuna alikuja na ile ndoo ya harusi, tupu, akaiweka katikati kama maiti.

Mbonea alikuwa ameitwa. Akaletewa kiti. Ndicho kiti pekee pale uani, na Mwantumu mwenyewe alikifuta kwa kanga yake kabla hajamkaribisha. "Keti, dada," alinong'ona. "Umwambie yule mwanamke ukweli. Wewe watakusikia."

Mbonea aliketi. Zawena alikuwa kwenye mkeka karibu na mguu wa mama yake. Alikuwa amekonda.

"Hatutaki maneno mengi," Mzee Shekiondo alianza. "Moto wa Mlesa umekufa baada ya kupokea ndoo hii. Watu wa Mlesa wanasema binti ana mkono mbaya. Mama yake anasema mwanawe hana kasoro. Lakini ndoo ilichotwa na mtu, na mtu huyo yupo hapa. Mama Chachu, tuambie. Ile chachu ilikuwa nzima?"

Wote walimtazama.

"Iliwaka," alisema. "Wote mliona ikiwaka."

Hakuna neno la uongo katika jibu lile, na ndiyo maana lilikuwa jibu ovu kuliko uongo. Mwantumu alikuwa anatikisa kichwa kwa kuunga mkono, kisha taratibu akaacha, maana alianza kuona linakompeleka binti yake.

"Mmesikia," Bi Ruzuna alisema, na sauti yake haikuwa na ushindi, ilikuwa imechoka tu. "Kwake iliwaka. Kwangu ilikufa. Katikati alikuwapo nani?"

Macho yote yakahama kutoka kwenye kiti hadi kwenye mkeka.

Zawena aliinua uso. Alimtazama Mbonea, tena kwa muda mrefu kidogo, kama mtu anayemsubiri mwenzake amalizie sentensi. Mbonea alitazama ndoo. Yule binti akashusha pumzi.

"Labda niliikosea njiani," Zawena alisema. "Labda niliitikisa sana, au jua liliipiga. Mnisamehe, mama."

Hapo Mwantumu, aliyekuwa ameinua kichwa chake juu tangu siku mwanawe aliporudi na mkeka, aliyekuwa akiwajibu watu sokoni neno kwa neno, akakiinamisha. Hakulia. Alikunja tu ncha ya kanga yake, akaikunjua, akaikunja tena.

Mbonea aliona ile ncha ya kanga. Ndiyo iliyokuwa imefuta kiti chake.

"Anasema uongo," alisema.

"Nani?" Mzee Shekiondo akauliza. "Binti?"

"Binti. Na mimi." Alisimama, kwa sababu kiti kilimchoma. "Hakuitikisa, hakufanya kitu. Ilikuwa imechacha tangu asubuhi ile, kabla hamjafika. Nilitia magadi ili iwake. Nilijua inaumwa nini. Nikaichota, nikamtwisha."



"Ulijua," Mzee Shekiondo akasema. Halikuwa swali.

"Nilijua."

"Na kitambaa?"

"Kiko sandukuni. Hakijakunjuliwa."

Mzee alivua kofia, akaitazama ndani kama vile jibu liko humo. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema. "Hilo tunalijua wote. Ila wewe, Bi Mbonea, maradhi yalikuwa yako, na aliyeumbuka ni mtoto wa mwenzio."

Mbonea alitamani apigwe. Angefurahi Bi Ruzuna ainuke amrushie ile ndoo. Lakini Bi Ruzuna alikuwa amejifunika uso kwa viganja, ana aibu zake mwenyewe za kuhesabu, na watu wa Mlesa walikuwa wanatazama vidole vya miguu yao.

"Dada," Mwantumu alisema hatimaye. Sauti ilikuwa ndogo, haikuwa sauti yake. "Si ungesema tu? Langu lilikuwa zima. Ningekupa moto mimi."

Ilikuwa kweli. Muda wote ule moto ulikuwa humo humo kijijini.

"Niliisikia ile harufu, mama mkubwa," Zawena akasema.

Kila mtu aligeuka.

"Uliponitwisha. Niliisikia, nikakutazama. Nikaona umenitazama na wewe." Alisema bila hasira, kama anayeeleza njia kwa mgeni. "Nikajiambia, huyu ni Mama Chachu, anajua kuliko mimi. Kungekuwa na ubaya, asingenitwisha."

5

Watu wa Kituo walikuja na mifuko ya chokaa ya kuua kirusi. Waliimwaga yote tumboni kwa Mbonea, wakakoroga, na chachu mama iliyolelewa kwa mablanketi ikafa ikitoa mvuke kidogo. Waliosha mikono, wakamwambia tumbo lipumzike mpaka wapime tena. Hawakumgombeza. Walimwomba tu ufunguo wa kibanda alichotumia kulea chachu, naye akawapa.

Kitambaa kilining'inia langoni. Kwa siku za mwanzo kilikuwa bado na mikunjo yake, kisha upepo na mvua vikailainisha, na jua likaanza kukipausha kama vya wenzake.

Hakuna aliyeacha kumsalimia. Hilo ndilo lililomchosha. Vijana waliendelea kumwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba, na hakuna aliyemwita Mama Chachu, wala aliyeonekana kujizuia kumwita. Jina lilimtoka kama koti la kuazima. Bi Ruzuna naye alikuwa ametundika kitambaa cheusi kwake. Watu wake walivuka bonde na mbuzi kumwomba Zawena arudi, na inasemekana Zawena aliwapokea vizuri, akawapa chai, akawaambia mbuzi hapikiki bila moto. Waje kwanza na ndoo, waombe kwa mama yake, hapo atajua kama wanataka mke au wanataka kufuta maneno ya watu.

Siku Kituo kiliposema tumbo la Mbonea sasa ni safi, alisema asante, akauliza mbegu ataipata wapi.

"Kwenye watoto wako," yule mtaalamu alijibu. "Matumbo yote uliyoyapa kabla ya ugonjwa ni mazima. Omba popote."

Popote ni neno pana. Mbonea alitoka na ndoo tupu saa ya watu kutoka shamba, akashika njia ya kwenda juu, kwa mjane mmoja aliyekaa peke yake karibu na ukingo wa msitu. Mjane yule haoni vizuri, hazungumzi sana, na njia yake haina nyumba. Alikwenda mpaka penye njia panda. Pale alisimama, ndoo imemshika mkono kuliko yeye alivyoishika. Akafikiri kwamba hata sasa, baada ya yote, miguu yake bado inajua kutafuta mlango wa uchochoro. Akageuka, akateremka katikati ya kijiji, ndoo mbele yake, watu wanaona.

Langoni kwa Mwantumu kulikuwa na beseni la chokaa. Alivua ndara, akatia miguu, akasubiri mpaka iwashe.

"Hodi," aliita. "Nimekuja kuomba moto."

Mwantumu alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Hakuinua uso upesi. Alitoa jiwe moja, akalitupa, akatoa lingine. Mbonea alikumbuka kwamba rafiki yake alikuwa mtu wa kucheka, na akajiuliza kicheko kile atakirudisha nani.

"Moto haunyimwi," Mwantumu akasema.

Aliichukua ndoo, akaenda nyuma, akarudi nayo imejaa mpaka ukingoni, haikupunjwa hata kidogo. Aliwasha kopo ili mgeni aone. Mwali ulisimama wima, wa buluu. Kisha akaiweka ndoo chini, katikati ya ua, akaokota ungo wake, akaingia ndani.

Hakumtwisha.

Mbonea alisimama na ndoo yake. Ilikuwa nzito kuliko alivyoweza kuinyanyua peke yake hadi kichwani, na chachu haibebwi kwa kuburuzwa, inamwagika. Barabarani watu wawili watatu walikuwa wamepunguza mwendo. Hawakuingia, maana ua si wao. Angeweza kumwaga nusu, nusu iliyobaki angeimudu. Alikuwa ameanza kuinama ili amwage pale aliposikia miguu.

Zawena alitoka jikoni, anajifuta mikono. Hakusalimia. Alikunja kanga yake kuwa kata, akaiweka juu ya kichwa cha Mbonea, akashika ndoo kwa mikono miwili.

"Inama, mama mkubwa."

Mbonea aliinama. Ndoo ikapanda, na ilipofika mbele ya uso wake ikasimama hapo, imeshikwa angani na mikono myembamba ile, haipandi wala haishuki.

"Inanukaje?" Zawena akauliza.

Mbonea alinusa. Ilinuka udongo uliolimwa na zizi la asubuhi, harufu aliyoilea mwenyewe kwa miaka na ambayo hakustahili tena kuiita yake. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

"Ni nzima," alisema.

"Nami najua ni nzima," Zawena akasema. "Ndiyo maana nakutwisha."

Akaishusha taratibu mpaka ikakaa kichwani, akaachia, akarudi jikoni. Mbonea alitoka langoni shingo imenyooka, kwa sababu mwenye ndoo ya chachu kichwani hawezi kutazama chini, hata atake vipi. Akapita katikati ya kijiji hivyo hivyo, mashavu yamelowa, watu wote wanamwona.